Njia ya Ng'ombe Kwenda Ruzizi

Mkutano wa amani ulikuwa unakwenda vizuri, mpaka Pudentienne alipoomba kusema. Kila kiangazi ng'ombe hushuka kutoka milima ya Bijombo kutafuta maji ya mto Ruzizi, huingia mashambani, watu hukatana mapanga, kisha kamati huja kutoka Uvira kupatanisha. Watu hupeana mikono, hupigwa picha, basi. Mwaka uliopita aliyekatwa alikuwa Clovis, mwanawe wa pekee. Mikono ikapeanwa vilevile, kaburi likiwa bado bichi.

"Minye niko na neno moja," alisema. "Ng'ombe wapite wapi? Njia yao ya zamani tuliilima siye wenyewe. Mihogo yangu iko mule. Yenu pia iko mule. Tuifungue."

Bwana wa kamati akatazama saa yake. Picha alikuwa ameshapata.

Aliyesimama ni Libérat, mdogo wa marehemu mumewe. "Weye, shemeji, unapeana udongo ya kaka yangu?"

"Niko naokoa batoto benye walibakia."

Pombe ya mtama ilipoletwa, wote wakazunguka chungu kimoja na mirija yao, kama ilivyo desturi ya kupatana. Pudentienne hakupewa mrija. Alingoja kidogo, akajifanya anakaza kitenge, akaenda zake. Iliuma, tusidanganyane.

Kesho yake aling'oa mihogo yake yote, mingine haijakomaa hata kidogo. Wanawake waliozoea kumpitia wakienda mtoni wakaanza kuzunguka nyuma ya nyumba. Jioni alikuwa akizungumza na sufuria.

Ng'ombe wakashuka. Shamba lake lilikuwa la kwanza kutoka milimani, na Irambona, mchungaji, akawaingiza hapo mpaka mwisho wa uwazi. Mbele ilisimama mihogo ya Libérat, imefungamana.

"Mama, wengine watafungua lini?"

"Sijue, mwanangu. Niko peke yangu."

Irambona aliitazama mihogo, akamtazama yeye. Kisha akapiga mluzi, akawageuza ng'ombe wake wenye kiu, akaenda kuzunguka mbali.

Hakuna shina lililovunjika. Hakuna aliyekatwa, kwa hiyo kamati haikuja, wala kijijini hakuna aliyejua kwamba siku hiyo kulikuwa na jambo. Pudentienne alibaki amesimama kwenye shamba lake tupu, akatamani mtu yeyote, hata Libérat, aje angalau amtukane.