Kahawa Ambayo Baba Hakuitoa

Mimi hasira zangu ziko karibu, hilo Kemondo nzima inalijua. Mteja akibonyeza sangara wangu halafu akasema ananuka, namwambia aanze kunusa kwapa lake. Kwa hiyo siku niliposikia mdogo wangu Edvina amerudi kwa baba huko Maruku, mkono ukiwa kwenye hogo, nilimwachia jirani meza ya samaki, nikapanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa nachagua maneno ya kumwambia mumewe.

Shida ni kwamba mumewe ni Clavery. Angekuwa mwanamume mwingine nisingeshangaa. Lakini Clavery wa Kamachumu alikuwa anapisha kuku mlangoni. Mtoto wao Avit alipozaliwa, Clavery alifua nepi mchana kweupe, wenzake wakamcheka, akaendelea kufua. Tangu amwoe Edvina sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, na mimi nilikuwa nimempa sababu nyingi za kuipandisha.

Nilimkuta Edvina amekaa jikoni kwa baba, anamenya ndizi kwa mkono mmoja, kisu kinateleza. Nilimnyang'anya kisu.

"Amekupiga na nini?"

"Hakunipiga. Alinisukuma." Alisema bila kunitazama. "Sufuria iliniponyoka ikaanguka sakafuni. Akaja mbio ameshika kichwa kwa mikono miwili, akanisukuma, nikaangukia kizingiti. Halafu akaniambia ninyamaze, eti kilio changu kinampasua kichwa."

"Kila mtu anaumwa kichwa. Mimi kinaniuma kila mara na sijamvunja mtu."

"Ulivunja dirisha la Haruni."

"Dirisha si mtu."

Hakucheka. Aliniambia mengine: kigoda kilichorushwa ukutani, kibarua aliyefukuzwa kwa kupiga mluzi shambani, kofi alilopigwa Avit kwa sababu alikohoa usiku. Katikati ya hayo yote Clavery alikuwa akimeza asprini kama mtu anayekula karanga, na kulala mchana, yeye ambaye jua halikuwahi kumkuta kitandani. Alikwenda duka la dawa akapewa vidonge vya malaria. Akamaliza dozi, kichwa kikabaki palepale.

"Nikirudi ataniua, dada," alisema Edvina. "Na nisiporudi, Avit anabaki kule pamoja naye. Mimi nataka tu kujua mume wangu kaenda wapi, maana yule aliyeko Kamachumu simfahamu."

Baba yetu, mzee Lwakatare, hakupenda maneno mengi. Alisema Clavery ana nafasi moja. Akija na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kuomba radhi kama wanavyofanya watu, atasikilizwa. Asipokuja, au akija vibaya, ndoa imekwisha, mtoto abaki kwa ukoo wa baba yake, na Clavery asionekane tena Maruku. Edvina aliposikia habari ya mtoto alitoka nje akasimama kwenye migomba, na mimi nikamalizia kumenya ndizi zake.

Clavery alikuja asubuhi ya Jumamosi na kaka yake Datius, maana mtu haendi peke yake kuomba radhi ukweni. Datius ndiye aliyebeba kibuyu. Clavery alitembea nyuma, taratibu, akijishikilia kwenye migomba. Nilimwona tangu mbali na damu ikanichemka. Nilichukua ufagio nikaanza kufagia uwanja ambao nilishaufagia, kwa sababu ningekaa mikono yangu ingefanya jambo.

Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna kabla ya kuulizwa habari. Kikapu kidogo cha kahawa kilikuwa ndani, kwenye rafu. Baba alikaa kwenye kiti chake barazani, akawatazama wageni wakikaa, na kikapu kikabaki kwenye rafu. Datius alikiona kile ambacho hakikuletwa, akajikohoza. Clavery hakuona chochote. Alikuwa amefumba macho, anakinga uso dhidi ya jua la asubuhi.

"Taata, waitu," alianza Datius, akimwita baba kwa heshima ya Kihaya, "tumekuja kunyenyekea. Kosa limetendeka na hatulikatai."

"Mwenye kosa ana mdomo," alisema baba.

Clavery hakufungua macho. Datius, ambaye hawezi kuvumilia kimya, akajaribu kutuchekesha.

"Huyu mumsamehe tu, waitu. Tangu alipoogelea rubisi kwenye mtumbwi, akili zimeloana."

Akasimulia. Mtumbwi wenyewe si wa ziwani, ni gogo lililochongwa, ambamo ndizi mbivu hupangwa pamoja na nyasi na wanaume wakazikanyaga kwa miguu mpaka zitoe togwa, yale maji matamu ambayo yakichacha huwa rubisi. Walikuwa wanaandaa pombe ya ubatizo wa mtoto wa jirani. Clavery, fundi wa kukanyaga kuliko wote, akateleza, miguu ikaenda juu, kisogo kikagonga ukingo wa gogo. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kwa akina Clavery anayeanguka mtumbwini hapewi pole, anapakwa togwa usoni na kuimbiwa, na anayempa pole ndiye anayeonekana anaharibu pombe. Basi wakampaka, wakamwimbia, naye akainuka, akaendelea kukanyaga.

Datius alisimulia vizuri, hata baba mdomo ulimcheza kidogo. Mimi nilimwona Clavery kwenye hadithi ile, miguu juu, nikageuka upande ili wasinione nikitabasamu.

"Haya, mmimine," alisema baba.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Clavery alichukua kibuyu, akakiinamisha juu ya kikombe cha baba, na rubisi yote ikamwagika pembeni, juu ya goti la mkwewe, juu ya suruali ya Jumapili. Hakuacha kumimina. Alikuwa anakitazama kikombe kwa makini kabisa na kumimina pasipo na kikombe.

Baba alisimama.

"Umekuja kwangu umelewa."

Datius alishika kichwa. Kwenda ukweni kuomba radhi ukiwa umelewa ni kuongeza tusi juu ya kosa. Baba aliinua fimbo yake kuonyesha njia ya kutokea. Nilimwona Edvina, aliyekuwa amesimama mlangoni, uso umemnyauka, na nilijua anamfikiria Avit.

"Hanywi, taata," alisema kutoka mlangoni, sauti ndogo. "Hajagusa pombe tangu kichwa kianze. Harufu yake tu inamtapisha."

"Basi rubisi imejimwaga yenyewe?" nilisema mimi. Nilitupa ufagio, nikamwendea Clavery pale alipokaa, nikamshika kidevu kama ninavyomshika sangara kumwangalia matamvua. "Fungua mdomo. Nikinusa pombe leo utatoka Maruku huna meno."

Alifungua. Niliinama nikanusa, nikanusa tena. Hapakuwa na pombe. Alinuka dawa ya kuchua aliyojipaka kwenye paji la uso, basi. Na kwa sababu nilikuwa nimeinama niliuona mguu wake wa kushoto. Ulikuwa peku, umechubuka, vidole vinatoka damu.

"Ndala yako iko wapi?"

Alitazama mguu wa kulia, uliokuwa na ndala. "Nimevaa," alisema.

Nilitazama njia ya kuingilia. Ndala ya kushoto ilikuwa imelala kule mbali, kati ya migomba. Alikuwa ameiacha huko na kutembea juu ya mawe hadi barazani bila kujua.

"Acheni kelele," alisema Clavery. Hakuna aliyekuwa anasema. "Acheni kelele, nyie!" Uso ukamgeuka ukawa wa mtu nisiyemjua, akainuka kunipiga. Mkono wa kulia ulikuja juu, nikauona ukija. Wa kushoto ulibaki unaning'inia kando kama si wake. Kisha akayumba, akatapika kwenye sakafu ya baba, akakaa chini polepole na kulala. Datius alimtikisa. Edvina alimwita kwa jina lake la ujana, ambalo sijawahi kulisikia tena. Hakuamka.

Sikumbuki nani alilipata gari. Nakumbuka Probox ya mtu wa mnadani, kiti cha nyuma kikinuka mbuzi, kichwa cha Clavery kwenye mapaja ya Edvina, mkono wake mzima ukimshika shavu na wenye hogo ukiwa umeinuliwa juu usigongwe. Mimi mbele nilimgombeza dereva kwa kwenda polepole, kisha nikamgombeza kwa mashimo ya barabara, mpaka akaniambia nishuke au ninyamaze. Nilinyamaza. Ilinichosha kuliko kupiga kelele.

Hospitalini Bukoba tulipokelewa na daktari kijana aitwaye Maimuna. Alimmulika macho kwa tochi, jicho moja kisha jingine, akarudia. Akatuuliza upesi upesi: kichwa kimeanza lini, ana kisukari, ana presha, amepata degedege, ameng'atwa na mbwa?

"Aliwahi kuanguka? Kugonga kichwa?"

"Hapana," alisema Datius.

Alisema hivyo kwa moyo safi kabisa. Hakuwa anaficha. Nilimgeukia.

"Na mtumbwini?"

"Ule ulikuwa mchezo," alisema Datius. "Tulicheka wote."

"Alianguka au hakuanguka?"

Alitaka kujibu, kisha nikaona jibu likimfikia. Alikalia benchi kwa kishindo. Daktari Maimuna hakumlaumu. Aliuliza ilikuwa lini, Datius akasema kabla ya ule ubatizo, na Edvina akahesabu kwa vidole vya mkono wake mzima, akasema kichwa kilianza wiki ileile.

Picha ya kichwa ilionyesha damu. Daktari alitueleza kwamba pale alipogonga, mshipa mdogo ulichanika, damu ikawa inavuja kidogo kidogo kati ya fuvu na ubongo, wiki baada ya wiki, na asprini alizokuwa anameza zilizidi kuizuia isigande. Damu ikaukandamiza ubongo. Ndiyo maumivu, ndiyo usingizi, ndiyo mguu usiojua ndala. "Na ndiyo hasira," alisema. "Hasira nayo inaweza kuwa dalili, kama homa. Sukari ikishuka mtu anaweza kuwa mkali. Malaria ikipanda kichwani, hivyohivyo. Mtu mpole akibadilika ghafla na kichwa kinamuuma, mleteni, msimwekee kikao."

"Na za kwangu?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza. Nilikuwa siwezi kutulia.

"Umezianza lini?"

"Nimezaliwa nazo."

"Basi hizo ni zako," alisema, akaenda zake.

Daktari wa upasuaji alikataa kumpeleka Mwanza, alisema barabara itammaliza kabla ya kufika. Wangemtoboa fuvu hapahapa. Walipomwingiza, mimi nilitembea. Nilikwenda mpaka getini nikarudi, nikanunua maji ambayo hakuna aliyeyanywa, nikasoma matangazo yote ya ukutani hadi ya wajawazito. Edvina alikaa benchini, rozari kwenye vidole vinavyotoka nje ya hogo. Nilisimama mbele yake.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," nilisema. Nilidhani namfariji.

"Mkono wangu haujui hilo, dada," alisema.

Nilirudi kutembea. Maneno yote niliyomchagulia Clavery tangu Kemondo yalikuwa bado mdomoni, na sasa hapakuwa na mtu wa kumpa. Nilimwonea huruma, na niliichukia huruma hiyo, kwa sababu mdogo wangu alikuwa palepale na mkono umevunjika.

Alipona. Nasema mapema kwa sababu sisi tulingoja sana kulisikia neno hilo na sipendi kumngojesha mtu. Siku nilipopanda tena Bukoba kuwaona nilibeba sangara wa kukaanga, na kitu kingine ambacho baba alinipa Maruku, kimefungwa kwenye jani la mgomba. Hakuniagiza neno lolote la kusema. Nilikiweka kwenye meza ya kitanda nikafungua. Ilikuwa kahawa ya kutafuna, ile ya kwenye rafu.

Clavery alikuwa ameketi, kichwa kimezungushiwa bendeji, macho yametulia. Aliitazama kahawa kwa muda.

"Taata ameniletea mimi?"

"Nani mwingine anaumwa humu?" nilisema.

Alicheka. Alikuwa yeye, Clavery wetu, na Edvina aliyekuwa pembeni ya kitanda aliinamisha uso kwenye kanga akalia. Clavery alimgeukia kumbembeleza, na hapo, nadhani kwa mara ya kwanza akili ikiwa kamili, akaliona hogo.

"Mama Avit, nani kakuvunja mkono?"

Akatutazama mmoja mmoja, na uso ukaanza kukaza, si kwa ukali ule wa barazani, bali ule wa mtu anayetaka kwenda kumtafuta aliyemwumiza mkewe.

"Nauliza ni nani. Shemeji, niambie wewe."

Mimi nilianza kumtoa miiba sangara ambaye hakuna aliyemwomba.

"Ni wewe, Baba Avit," alisema Edvina. Alifuta macho, akamwambia yote, sufuria na kizingiti, kigoda, kofi la Avit. Hakupunguza na hakuongeza. Alimwambia pia kwamba daktari amesema ni ugonjwa, na kwamba yeye anaamini, na kwamba wakitoka hapo atakaa kwanza Maruku na Avit ataletwa huko.

Clavery hakujitetea. Aliinua mkono, nafikiri alitaka kujishika bendeji pale kisogoni, mkono wa kawaida tu wa mtu aliyechanganyikiwa.

Edvina akarudisha kichwa nyuma, akafumba macho.

Ilikuwa ghafla, hakupanga. Aliyafungua macho upesi, akataka kusema kitu, lakini Clavery alishaona. Aliushusha ule mkono taratibu, akauingiza chini ya shuka, na hakuutoa tena mpaka tulipoondoka.