Jirani wa Kifungu cha Tisa

Vifungu vyote vya mkataba vilikuwa vimekubaliwa zamani isipokuwa cha tisa, na cha tisa kilikuwa na wenyewe: mchumi wa benki kuu, aliyekuwa dada mcheshi asiyeogopa mtu, na mwenzake wa nchi ya pili, ambaye mchumi alimwita Jirani tangu siku ya kwanza.

Mkataba wenyewe haukuwa na mambo mengi. Nchi jirani zinachangia mfuko mmoja. Sarafu ya mmoja ikiyumba, wenzake wanaishika mkono isianguke. Kifungu cha tisa kiliuliza jambo dogo tu: aliyekopa atoe taarifa kila baada ya muda gani? Jirani alitaka kila mwezi. Mchumi alitaka kila miezi mitatu. Hapo wakaganda msimu mzima, wakibishana huku wakimenyeana machungwa.

Ukweli ni kwamba mchumi hakuwa na ugomvi wowote na kila mwezi. Shida yake ni kwamba kifungu kikipita, Jirani anafunga mkoba na kurudi kwao. Kwa hiyo kila alipoona wanakaribia kuelewana alizua pingamizi jipya, akarudi nyumbani akiimba kwenye ngazi, hadi mama yake akamwuliza kama amepandishwa cheo.

Lakini wiki hiyo sarafu ya nchi yake ilianza kuteleza kweli. Asubuhi mama alirudi kutoka dukani na unga nusu ya ule aliozoea kununua kwa pesa ileile, akasema, "Waambie hao wakubwa wenu waache maringo." Mchumi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Na mlangoni mwa chumba cha mkutano gavana wa benki yake, mama mtu mzima mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, alikuwa akimsubiri.

"Mwanangu, leo tunasaini. Mkishindwa, kesho anaingia mwingine."

Mchumi akaingia, akakaa. "Jirani, nimenyoosha mikono. Iwe kila mwezi."

Jirani akashika kichwa. "Na mimi nimetoka hotelini nimeshaamua kukubali miezi mitatu."

"Si ulisema miezi mitatu ni uzembe?"

"Nilisema. Ungekubali mapema, sasa hivi ningekuwa kwetu nakula peke yangu."

Wakatazamana, kisha kicheko kikawashika mpaka mlinzi akachungulia. Kumbe wote wawili! Nchi zote zinasubiri, wao wanavuta kamba ambayo hakuna aliyetaka kushinda.

"Basi kila mwezi," mchumi akasema, akifuta machozi. "Na taarifa iletwe kwa mkono, na mtu anayekijua kifungu."

"Wanaokijua ni wawili tu duniani." Jirani akaandika mbiombio, mara kalamu ikasimama. "Ngoja. Taarifa anatoa aliyekopa. Kwa hiyo ili nikuone, lazima sarafu ya mmoja wetu ianguke?"

Mchumi akanywea. Hilo hakuwa amelifikiria.

Gavana akaingia bila kupiga hodi, akasoma. "Kwa mkono? Zama hizi?" Akashusha miwani, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akayatazama maganda ya machungwa mezani. Mchumi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Gavana akachukua kalamu, akaongeza maneno machache, akayasoma kwa sauti yake ya vikao: "Iwe nchi imekopa au haijakopa."

Akawageukia. "Unaanza wewe kwenda, mwanangu," akasema, na kutoka kuwaita wenzake waje wasaini.