Vitone Havifuati Upepo

Tangu Jumatatu Kasiva alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aketi, ainuke, aingie jikoni, asahau kilichompeleka, arudi mlangoni. Mtoto tumboni, ambaye wiki iliyopita alianza kucheza mpaka akamchekesha mama yake katikati ya ibada, alikuwa amenyamaza. Mimba ya kwanza nayo ilinyamaza hivyohivyo mwaka uliotangulia, msimu uleule wa kupiga pamba dawa, na haikufika. Watu walimpa sababu chungu nzima, kama ilivyo kawaida ya wasioumwa: mara alibeba mzigo mzito, mara damu yake ya Ukambani haijazoea joto la Kakuyuni. Alizipokea zote kwa kuwa hakuwa na ya kwake.

Sasa alikuwa nayo, na ilikuwa inanuka. Kila jioni ya siku ya dawa, alipoivua leso aliyojitanda mgongoni, aliikuta na harufu ileile kali ya mafuta inayokaba koo. Wala si harufu tu. Ukiiinamisha leso kwenye mwanga uliviona vidoa, vidogo kuliko mbegu za mchicha.

Alimwambia mumewe. Simeon alikuwa mume mwema, na waume wema ndio wagumu kuwaambia jambo, maana hudhani wema wao umekwisha kukinga kila kitu. Alicheka, akasema pua ya mja mzito husikia hata harufu ya chumvi. Muuguzi wa zahanati naye alimwambia watoto hulala, angoje siku mbili tatu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kasiva alirudi nyumbani, akaketi, akainuka tena.

Mashine yenyewe ya kupigia dawa ilikuwa kitu cha kujivunia mwaka ule wa themanini na tano. Pampu ya zamani ya kubebwa mgongoni ilikuwa imetupwa uani, pamoja na adha ya kuitekea maji. Hii mpya ilikuwa fimbo tu: ndani mawe ya tochi ya kutoa umeme, mbele chupa ya dawa. Ukiiwasha, dawa ilitoka kwa nyuzi nyembamba kama za buibui, kisha nyuzi zikakatikakatika na kuwa vitone ambavyo jicho halikuweza kuvifuata.

Aliyeileta, msimu wa mwaka uliotangulia, ni bwana shamba, Joram, mtu mwenye ulimi wa asali. Aliwakusanya wakulima wa pamba, akashika ndimu kwa kijiti chake kibichi, akaipiga dawa upande mmoja, kisha akaigeuza. Nyuma nako kulikuwa kumelowa. Akawaeleza kwamba umeme huvitia vitone hamu. Kila kitone humkimbia mwenzake na kutafuta kitu cha karibu kinachogusana na ardhi, na kikikipata hukizunguka mpaka mgongoni. Ndiyo sababu jani la pamba hulowa hata kwa chini, wanakojificha wadudu. Watu wakapiga makofi.

Hakuna aliyeuliza kama mtu naye ni kitu kinachogusana na ardhi. Joram hakulisema hilo, nao walijiona wanajua usalama wao tangu enzi za pampu: anayepalilia akae upande unakotoka upepo, na dawa iende zake upande wa pili. Kanuni ile iliwalinda miaka mingi, na kanuni iliyokulinda huoni haja ya kuihoji. Basi Simeon alipiga dawa, na Kasiva akapalilia mistari miwili kando yake, upepo ukimpitia yeye kwanza, miguu mitupu kwenye udongo wenye unyevu. Pamba ilikuwa haijafika magotini. Hata akiinama, katika shamba zima hapakuwa na kilichosimama juu kumshinda ila mumewe.

Alhamisi asubuhi, mvua ya usiku ikiwa imelowesha ardhi, Kasiva alimtangulia mumewe shambani. Alilichomeka jembe mpini chini, chuma juu, palepale ambapo angesimama yeye kupalilia. Kisha akalivika koti jeusi la Simeon, lile la kanisani, ambalo lilikuwa bado bichi kutoka kwenye kamba ya kuanikia. Akaenda kusimama mbali, kwenye mpaka wa shamba la jirani yao Kombe.

Simeon alipofika na fimbo yake alisimama kidogo. Aliuliza ni mchezo gani huo. Mkewe akamwambia apige kama siku zote, na kama baada ya hapo atamwona mjinga, hatasema tena. Basi akapiga, kwa hasira kidogo, akipita na mstari wake bila kuligeukia jembe. Upepo ulikuwa ukimpiga ubavuni kutoka upande wa koti. Mwenye macho angeapa kwamba hakuna kitone kinachoweza kurudi kule.

Alipomaliza alilifuata koti lake. Kifuani lilikuwa linameta kwa vitone vya mafuta. Akaligeuza. Mgongoni nako lilikuwa linameta.

"Kasiva, umeniharibia koti langu la kanisani."

"Koti linauzwa Malindi," alisema Kasiva. "Pale nilikuwa nasimama mimi. Mimi na yeye."

Simeon alilitazama koti, akamtazama mkewe, akateremsha macho mpaka tumboni. Fimbo ikamponyoka. Kisha akamshika mkono na kumpeleka nyumbani karibu kwa kumkokota, akamwingiza kwenye ua wa makuti wa kuogea, akachota maji kisimani mwenyewe, mchana kweupe, Kombe na watu wake wakimwona. Akapiga magoti nyuma yake na kipande cha sabuni, akamsugua mgongo, akamsugua miguu, akarudia mgongo. Kila mara aliuliza kama mtoto anacheza. Je, amecheza? Hajacheza?

Maji ya baridi yalikuwa yakimteremka Kasiva ubavuni alipopigwa teke. Teke la kweli, chini ya kitovu, kisha jingine. Kifua kikamjaa, nusura apige kigelegele. Akageuka kumwambia mumewe, akauona uso wake: hofu tupu, ileile aliyolala nayo peke yake tangu Jumatatu huku mwenzake akikoroma.

Akaweka kiganja juu ya tumbo, akakiacha hapo.

"Kalete maji mengine," alisema.

Simeon akaichukua ndoo, akakimbia.