Usukani wa Gendabi

Umeme ulikatika mjini Katesh Jumamosi mchana, na kompyuta ya Judica, ambayo betri yake ilikufa zamani, ikabaki na tegemeo moja tu: jenereta ya Hamis, mwenye banda la video. Judica, binti wa kijiji cha Gendabi aliyesomea ufundi wa meli Dar es Salaam, alikuwa humo bandani analinganisha kwenye kompyuta sukani mbili, yale mabapa ya nyuma yanayoelekeza meli, ajue ni upi unaopunguza mafuta na moshi wa meli. Kesho alfajiri alikuwa anapanda basi kurudi chuoni. Asipofika na majibu, nafasi yake kwenye mradi anapewa mwingine.

“Dada, wateja wangu wamekuja kuona picha,” Hamis alilalamika. “Hiyo meli yako hata haifiki.”

Judica akageuza kioo cha kompyuta kuwaelekea watazamaji. “Shikamooni wazee. Hii ni ligi. Meli ya bluu ni Gitting, nyekundu ni Gendabi. Zote mwendo mmoja, tofauti ni usukani tu. Itakayokula mafuta kidogo imeshinda.”

Mchokozi huyu aliwajua watu wake. Banda likagawanyika papo hapo, Gitting huku na Gendabi kule, vijiji viwili jirani. Mzee Gidahosh, mfugaji wa Gendabi, akaanza kuipigia meli nyekundu mluzi ule wa kuswaga ng'ombe. Jenereta ikakohoa, moshi mweusi ukajaa ndani, na mashabiki wa Gitting wakasimama.

“Mnaona? Nyekundu inafuka!”

“Ni ya kwenu hiyo!” Gidahosh akajibu huku machozi yakimtoka. Hamis, aliyekwisha kusahau picha yake, alikuwa nje anaongeza dizeli.

Usukani mwekundu, ule ulionyooka, Judica aliuchora mwenyewe. Wa bluu, uliopindwa kidogo kufuata maji yanavyozungushwa na rafadha, pangaboi la meli, ulikuwa wa mwanafunzi mwenzake. Namba za mwisho zilipotoka, bluu ndiyo iliyokula kidogo. Ni Judica tu pale bandani aliyeweza kuzielewa. Angetaja nyekundu, nani angebisha? Ulimi ulimwasha kwelikweli.

“Gitting,” akasema.

Banda likalipuka kwa vifijo. Gidahosh akasogea mbele. “Nani kachonga huu usukani wa kwetu?”

“Ni mimi, mzee.” Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Mzee akamtazama, akazitazama sukani zote mbili kwenye kioo, kisha akalichukua dumu la dizeli mkononi mwa Hamis na kwenda nalo kwenye jenereta.

“Na huu wetu upinde kama ule wa Gitting,” akasema. “Basi lako si mpaka alfajiri?”