Maringo ya Paskazia

Kabla sijasema lolote, ieleweke kwamba mimi sijawahi kuwa na maringo. Nilisingiziwa. Au tuseme nilijisingizia mwenyewe, maana ukweli niliujua na nikanyamaza.

Mguu wangu wa kulia haukunjiki. Nilipokuwa na miaka sita, kwetu Ibadakuli, goti lilivimba, likatunga usaha, nikalala mkekani masika yote watu wakingoja nife. Sikufa. Lakini goti lilipopona lilikuwa limekauka likiwa limenyooka, na tangu hapo halijakunjika tena, hata kwa mafuta ya simba ambayo baba aliyatafuta hadi Mwadui. Mama alisema bora mtoto kuliko goti. Alisema vizuri, ila yeye alikuwa na magoti yote mawili.

Kwetu Usukumani mwanamke hamsalimii mkubwa akiwa wima. Anapiga magoti, anainamisha kichwa, ndipo anasema mwangaluka kama ni asubuhi, au mwadila kama jua limegeuka. Mtoto wa kike hufundishwa hilo kabla hajajua kushika jembe. Nami nilifundishwa. Siku moja, nikiwa na miaka tisa, walikuja wageni wa bibi, nikajaribu kupiga magoti mbele yao kwa nguvu. Nilianguka kifudifudi kwenye majivu ya jikoni. Binamu zangu walicheka mpaka wakalala chini, na kuanzia jioni ile wakaniita Mchi, kwa kuwa mchi wa kutwangia nao haukunjiki.

Basi nikaacha kusalimia. Nikimwona mzee anakuja njiani, napita nyuma ya maboma. Wageni wakifika nyumbani, naenda kisimani hata kama mitungi imejaa. Kanisani nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, wenzangu wakipiga magoti mimi nikijifanya natazama mvua. Na kwa kuwa mguu huo nilikuwa nauzungusha kidogo nikitembea, watu wakasema natembea kwa madaha. Wakajumlisha yote: haamkii watu, anatembea kwa madaha, hata Mungu hampigii goti. Huyo Paskazia ana maringo.

Nitasema kweli, nililipenda jina hilo. Mtu wa maringo anasemwa, lakini hachekwi wala hahurumiwi. Nikalivaa.

Ndivyo nilivyoolewa, mwaka hamsini na moja. Maige alikuwa kijana wa Tinde anayefanya kazi mgodini Geita, kwenye kinu cha kusagia mawe ya dhahabu. Wajomba zake walipokuja kuongea mambo ya ng'ombe, walinikuta nimekaa mkekani miguu nimeinyoosha, na mkekani kila mwanamke hunyoosha miguu. Mama yake hakuja harusini. Alikuwa akimuuguza dada yake. Tulifunga ndoa Jumamosi, na Jumatatu likizo ya Maige ilikuwa imekwisha, tukaenda moja kwa moja Geita.

Maige aliujua mguu wangu, mume atakosaje kuujua. Haukumsumbua. Kilichomsumbua ni kiapo nilichomwapisha usiku wa kwanza, kwamba asimwambie mama yake. Nilimwambia, "Siku utakayomwambia, ndiyo siku nitakayorudi kwetu." Naye ni mtu wa maneno machache, akanyamaza.

Likizo ya kwanza alikwenda Tinde peke yake. Nilisema naumwa tumbo. Likizo ya pili nilisema karanga zitaoza shambani. Mara hiyo alirudi na uso mzito. Mama yake alikuwa amemuuliza mbele ya ndugu wote ni mke gani huyu, miaka miwili hajaja kumpigia goti mama mkwe wake. Baada ya mwezi ikafuata barua, imeandikwa na mwalimu wa misheni kwa maneno ya mama huyo mwenyewe. Maige alinisomea amesimama. "Nakuja kumwona kwa macho yangu. Akinipigia goti, yamekwisha. Asiponipigia, narudi na wewe Tinde, na ng'ombe wetu wafuatwe Ibadakuli. Mwanamke mwenye dharau hatanizalia wajukuu."

"Niruhusu nimwambie," Maige alisema.

"Hapana," nikajibu. Ona ujinga wangu. Ndoa yangu inang'olewa mizizi, nami bado nalinda goti.

Aliyenishauri alikuwa Ghati, jirani yetu pale kambini, Mkurya wa kutoka Musoma, mwenye mdomo usiojua likizo. Yeye aliujua mguu wangu kwa kuwa siku moja alinikuta nikijiinua kutoka chini, jambo ambalo nilikuwa silifanyi mbele ya watu. Kwanza alinitolea methali. "Mficha uchi hazai," alisema. Alipoona sisikii, akakuna kichwa, akaleta hila.

"Basi akifika akukute umeshakaa chini unamenya karanga, miguu umenyoosha. Mtu aliye chini apige goti aende wapi tena?"

Hila ilinipendeza mno. Ndiyo ileile iliyonipatia mume.

Mama Maige alifika Alhamisi, jua likiwa limegeuka. Alikuwa amepanda lori hadi Shinyanga, treni hadi Mwanza, kivuko, kisha lori jingine, na kichwani alikuwa na kiroba cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilitegemea mwanamke mrefu mwenye sauti ya fimbo. Kumbe ni mama mfupi, mwembamba, vumbi limemjaa mpaka kope. Maige alikuwa kazini, zamu yake haijaisha. Mimi nilikuwa chini kivulini, ungo mapajani.

"Mwadila, mayu," nilisema, yaani mama, palepale nilipokaa, nikainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa karanga.

"Mwadila," alijibu. Akangoja. Alitegemea niweke ungo kando, niinuke nimpokee mzigo, kisha nipige magoti kama watu. Ghati akarukia kiroba, akaleta kigoda, akamkalisha, akamuuliza habari za Tinde, za mvua, za ng'ombe, na za watu wasiowajua wote wawili. Mimi namenya tu. Nilimenya karanga siku ile mpaka nikaanza kumenya zilizokwisha kumenywa.

Mama Maige alisikiliza mpaka Ghati akaishiwa pumzi. Halafu akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, niletee maji ninawe."

"Nayaleta mimi, mama," Ghati akasema, ameshainuka.

"Wewe kaa. Sikupanda treni kuja kumwona jirani."

Ghati akakaa. Mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akitii.

Basi nikainuka. Kuinuka kwangu si kazi ya sekunde moja. Nageuka ubavu, naweka mikono yote chini, naburuza mguu wa kulia, nausukuma mwili juu nikiwa nimeinama, makalio mbele ya mgeni. Nilikuwa nimeificha kazi hiyo tangu utotoni, na sasa nikaifanya mbele ya mama mkwe, polepole, maana haifanyiki kwa haraka. Sikumtazama. Nikaingia ndani, nikachukua birika na beseni, na huko ndani nikasimama kidogo nikiutazama mlango wa nyuma.

Sitasema uongo, niliutazama vizuri. Ningeweza kutoka, nikapita nyuma ya nyumba za kambi, nikafika barabarani. Miaka yote ile nilikuwa mwanamke wa njia za nyuma. Lakini nilikuwa nimechoka. Usidhani ni ushujaa, ni uchovu tu uliokuwa umenijaa, kama wa mtu aliyebeba mtungi toka asubuhi na hajaambiwa ni wa nani. Nikasema liwalo na liwe, nikatoka kwa mlango wa mbele.

Nikasimama mbele yake. Yeye yuko kwenye kigoda, mimi nimemsimamia wima kama mlingoti, birika mkononi. Wanawake wawili watatu wa kambi walikuwa wametulia kwenye milango yao. Mama Maige alinyoosha mikono, kisha akairudisha, akanitazama kutoka chini mpaka juu, na uso wake ukafunga.

"Mama," nilisema, "mguu huu haukunjiki. Tangu nina miaka sita. Sipigi magoti mbele ya mtu yeyote, hata kanisani, kwa sababu siwezi. Sijakudharau. Nilikuwa naona aibu, nikaona heri uniite mwenye maringo kuliko uniite kilema."

Nilikuwa sijawahi kuyasema maneno hayo yakiwa pamoja, hata kwa Maige.

Mama Maige alinishika khanga, akaipandisha mpaka juu ya goti, hadharani, akaanza kulipapasa kwa vidole vyake vikavu kama anavyopapasa mguu wa ndama mnadani. Akasukuma. Akavuta. Goti halikwenda popote.

"Limekauka," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Maige anajua?"

"Nilimwapisha asiseme."

Akaiachia khanga yangu. Akatazama beseni, midomo yake ikichezacheza.

"Kwa hiyo miaka miwili yote," alisema, "mimi nimekasirikia goti."

Ghati ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia, ikamtoka puani. Mama Maige akamfuata, kicheko cha mtu aliyechoka, mabega yanapanda na kushuka mpaka vumbi linamdondoka. Nami nikacheka, kisha nikagundua kwamba nalia, na kwamba sijali nani ananiona.

Usidhani hakunisema. Alinisema, tena sana. Alisema nimeiaibisha Tinde nzima. Alisema ameuza mbuzi jike mwenye mimba apate nauli ya kuja kugombana, na mbuzi yule alikuwa mzuri. Alisema dada yake ana jicho moja na anasalimia watu wote kwa hilohilo moja. Nilipokea yote. Maneno yake yalikuwa makali lakini hayakuwa na huruma ndani yake, na huruma ndiyo niliyokuwa nikiikimbia maisha yangu yote.

Halafu akasema, "Haya. Sasa nisalimu."

"Nitasalimuje, mama?"

"Mimi nitajuaje? Mguu ni wako. Salimu unavyoweza."

Unajua, hilo sikuwahi kujiuliza. Tangu nilipoangukia majivu nilikuwa najua tu nisichoweza. Nikaweka birika chini. Nikashika bega lake, nikashusha goti la kushoto taratibu mpaka likagusa mchanga, na mguu wa kulia nikauacha uende wenyewe pembeni, umenyooka moja kwa moja kama alivyoniumba Mungu mara ya pili. Niliyumba kidogo. Sikuanguka.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwanangu. Mhola?"

"Mhola duhu," nikasema, yaani ni salama tu. Na nilikuwa salama kweli. Nilijisikia mwepesi hata nikaogopa kuinuka.

Maige aliporudi kutoka kinuni alitukuta tunakula michembe kwa karanga zangu za siku nzima. Alisimama mlangoni akitutazama kwa zamu, mimi, mama yake, kisha mimi tena. Mama yake akamwambia, "Na wewe ni mjinga," akaendelea kula. Maige akaketi, akavuta pumzi moja ndefu ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu harusini.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani, nikakaa safu ya tatu. Wengine wakapiga magoti, nami nikashuka kwa mtindo wangu, mguu ukachomoza kwenye njia ya katikati. Padri aliuruka. Basi, hakuna lililotokea zaidi ya hapo.

Laiti ningeweza kukwambia kwamba aibu iliisha siku hiyo. Haikuisha. Iliendelea kunijia kila nilipokutana na mtu mpya, lakini ilikuwa imepungua nguvu, na mimi nilikuwa nimejua njia ya kushuka chini bila kuanguka.

Miaka mitano baadaye tulikwenda Tinde kwa likizo, na binti yetu Klara alikuwa na miaka minne. Ni mtoto mwenye miguu mizuri, anakimbia kama swala. Siku ya pili akaja mama mmoja mzee, jirani wa Mama Maige, na Klara akaambiwa amsalimie. Akaenda mbele yake. Akashusha goti la kushoto taratibu. Mguu wa kulia akaupeleka pembeni, akaunyoosha sawasawa, hata kidole gumba akakinyoosha. Akashika bega la yule bibi kwa adabu, akasema mwadila.

Mimi nilikuwa nachambua mboga. Damu ilinipanda usoni, na ghafla nikawa tena na miaka tisa, majivu mdomoni. Nikafungua kinywa nimkaripie, nimwambie akunje magoti yake mazima aliyopewa.

"Maskini," yule bibi alisema. "Na mtoto naye ni mgonjwa?"

"Mgonjwa wa nini?" Mama Maige akamjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wake. "Anasalimia kama mama yake."

Klara alikuwa bado pale chini, anangoja aitikiwe, anayumba kidogo. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ametazama wanawake wote wanaosalimia, wa kambini na wa Tinde, akachagua mtindo aliouona mzuri kuliko yote. Nikautazama ule mguu mdogo ulionyooka mchangani, na sikuona kilema. Niliona mguu wangu, na ulikuwa mzuri.

"Mwitikie mtoto, mama," nikamwambia yule bibi. "Atachoka."