Mgomo wa Vibua

Siku ile nilikwenda bandarini kuwagombeza wasichana, si jambo jingine. Tangu waanze mgomo wa kukaanga, Msambweni nzima hapakuwa na samaki, hata kibua kimoja cha kutia mdomoni, na ugali mkavu mimi haunipiti kooni.

Mgomo ulikuwa wa Twaiba, binti wa jirani yangu. Yeye na wenziwe hununua samaki bandarini, wakawakaanga na kuwauza. Lakini kamati ya bandari ilikuwa wanaume watupu, na ndiyo ipangayo nani auziwe mwanzo. Matajiri wa hoteli za Diani mwanzo, wasichana mwisho, ila yule atakayetoa namba yake ya simu. Twaiba akataka kiti kwenye kamati. Wakamcheka. Basi wasichana wakafunika makarai yao, vibua vikaoza, na wavuvi wakaanza kulalamika, hata kamati ikasema haya, uchaguzi wa Jumamosi kiti kimoja ni cha mwanamke.

"Shikamoo, Bibi," Twaiba aliponiona.

"Marahaba. Mtatuua kwa njaa nyie!"

"Keti kwanza, Bibi, ndipo ututukane."

Kiti kilikuwa kimoja, cha plastiki. Nikapewa mimi, wao wote wakakaa mchangani. Jua lilikuwa kali, nikachukua bango lao la mgomo nikajikinga nalo kichwa.

Ndipo likaja gari la televisheni kutoka Nairobi. Mtangazaji, Caroline jina lake, akaniona nimekalia kiti, bango mkononi, wasichana miguuni pangu. Akairuka miguu ya Twaiba akanijia.

"Bibi, nini kilikusukuma kuingia kwa haya mapambano?"

"Mapambano gani, mwanangu? Mimi nimefuata samaki."

Akamgeukia mpiga picha. "Umeishika hiyo? Nzito sana!"

"Muulize huyu," nikamwonyesha Twaiba. Naye Twaiba kimya. Kwetu mkubwa akiulizwa, mdogo hungoja hadi amalize.

"Ni waoga, eh? Ndiyo maana wanakuhitaji."

"Dada, mgombea ni mimi..." Twaiba akaanza.

"Sogea kidogo, mpenzi, unamziba Bibi."

Kwenye habari za jioni nikaitwa shujaa wa wanawake wa Pwani. Nilipendeza, sisemi uongo. Twaiba alionekana kiwiko tu.

Asubuhi Sefu, mwenyekiti wa kamati, akaja kwangu na fungu la samaki aina ya changu.

"Bi Mishi, kiti ni chako. Walitaka mwanamke, tunawapa mwanamke."

"Na kazi yangu ni ipi?"

"Kazi ya nini na umri huo? Wewe uketi tu."

Alipotoka akapishana na Twaiba mlangoni. Mtoto akawatazama wale samaki, machozi yakamlengalenga.

"Bibi, ukikubali, mimi najitoa. Nitasimamaje kushindana na wewe? Nitaonekana sina adabu."

"Na nikikataa?"

"Watasema hata Bibi wa televisheni hakukitaka, basi kiti hakina haja."

"Lete karai."

"Bibi, mgomo!"

"Mmegomea kununua. Hawa nimepewa."

Tukala. Sikumwambia nililopanga, maana uso wake hauwezi kuficha siri.

Jumamosi Sefu akanitaja, mikono yote ikapanda, ya wanaume ikitangulia. Nikainuka kwa kuguna, nikakohoa hadi wakanyamaza.

"Nimekubali, na ahsanteni. Ila magoti haya hayanifikishi vikaoni. Nimemtuma mjukuu wangu, Twaiba. Atakalosema yeye nimesema mimi. Atakayemkatiza, kanikatiza mimi."

Sefu akamvutia Twaiba kiti. Angefanyaje? Aliyetumwa na mkubwa harudishwi mlangoni, na mkubwa huyo Sefu mwenyewe ndiye aliyemtaka. Twaiba akakaa, na neno lake la kwanza likawa nani auziwe mwanzo. Wale wanaume walimsikiliza vichwa chini, kama wanasemeshwa na mama zao. Jumatatu makarai yakafunuliwa.

Caroline akarudi. Safari hii Twaiba alionyeshwa uso mzima, na chini yake maandishi: "Msaidizi wa Bi Mishi."

"Msaidizi!" Twaiba akapiga kelele mbele ya televisheni yangu. "Bibi, msaidizi!"

"Juzi ulikuwa kiwiko," nikamwambia. "Haya, msaidizi, nisogezee hivyo vibua."