Mkono wa Daktari Whitlock

Mwaka 2004 Daktari Whitlock alikuwa bingwa wa mila za Wafilipino, ingawa Manila aliijua kwenye ramani tu. Akiwania uprofesa mbele ya kamati ya chuo chake, alimwalika Bi Ligaya, Mfilipino jirani yetu wa mtaa wa Newtown, waonyeshe jinsi mdogo anavyouinamia mkono wa mkubwa wake na kuugusisha kwenye paji la uso.

Mimi, niliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni na nimemsindikiza jirani huyo, nilimnong'oneza msomi kwa adabu zote: "Bi Ligaya ana hamsini tu, Daktari."

Msomi huyo wa miaka sitini hakumuuliza mwenyewe. Akamnyooshea mkono kama askofu.

"Mwanangu," alisema Bi Ligaya, "nina sabini na mbili. Inama wewe."

Akainama. Kamati ikacheka, uprofesa akapewa mwingine, nami nikampa pole kwa majonzi makubwa.